Lugha sita au moja?

SWALI: Nataka kazi ya kuandika programu za kompyuta. Kozi moja inafundisha lugha 6 kwa miezi 3, nyingine Python peke yake. Nichague ipi?

JIBU: Ya Python. Anayerukia lugha 6 huishia kujua kuandika "Habari" kwenye skrini kwa kila moja, basi. Ila kabla ya kulipa, uliza wanafunzi huandika programu wenyewe kwa saa ngapi kila wiki, na nani huzikagua. Video tupu hazitoshi: Python hukataa mstari uliopangwa vibaya kwa nafasi za mwanzoni, na kosa hilo hulielewi mpaka likukwamishe. Ongeza mapema SQL (lugha ya kuuliza na kupanga data kwenye hifadhidata) na Git (zana ya kutunza kila toleo la programu yako). Ukiomba kazi, onyesha programu 2 au 3 zinazofanya kazi, zenye maelezo ya kuziendesha. Cheti kitafuata nyuma.