Tairi la nyuma linaisha katikati na lina kipara sehemu moja: nibadilishe saizi au nifunge la kashata?

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda, Boxer 150 ya mkataba, rimu za spoku, kijiwe changu kipo Lushoto mjini. Kila siku nashuka Mombo na abiria mara moja au mbili, lami tupu, halafu mchana naingia barabara za udongo za upande wa Malindi na Mtae kufuata kabichi na karoti. Tairi la nyuma ni 3.00-17 na nalibadilisha kila baada ya miezi minne. Linaisha katikati huku pembeni kashata (vile vitofali vya mpira) bado zipo. Safari hii kuna sehemu moja, ukubwa wa kiganja, imekwanguka hadi nyuzi zinaonekana, kwingine kote bado kuna nafuu. Masika inakaribia. Mwenzangu kijiweni anasema nifunge 3.50, mwingine anasema nifunge la kashata kubwa kama za pikipiki za matope, na muuza duka ananiambia tubeless, tairi lisilotumia tyubu, ndiyo dawa ya pancha. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza usilitupe hilo tairi bovu, wala usimpe mshona katambuga. Liweke pembeni, kwa sababu lenyewe limeshajibu nusu ya swali lako, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyelisoma.

Anza na hicho kipara cha kiganja. Tairi linalozunguka linaisha duara zima, hata liwe bovu namna gani. Likiisha sehemu moja maana yake kuna wakati pikipiki ilikuwa inakwenda na gurudumu limesimama, na lami ikalikwangua pale pale lilipogandia. Huko ni kufunga breki ya nyuma mpaka gurudumu linakaza. Na kikishatokea kipara kidogo kinajiendeleza chenyewe, kwa sababu sehemu ile ndiyo nyembamba, inashika vibaya, na kila ukikaza breki gurudumu hupenda kugandia hapo hapo.

Sasa nikuulize bila kukuficha: ukitoka Lushoto kwenda Mombo unazima injini? Gereji yangu ipo Korogwe, na vijana wanaoshuka milima ile nawafahamu. Wengi wanatoa gia, wanazima, pikipiki inashuka yenyewe kilomita karibu 30 za kona, eti petroli inabaki. Injini ikiwa imezimwa na gia haipo, kilichobaki kukushika wewe, abiria na mzigo ni breki tu. Ya mbele mnaiogopa, mnasema itawapindua. Kwa hiyo mguu wa kulia unafanya kazi yote. Ile ngoma ya nyuma inapata moto, breki inalegea, unaongeza nguvu ya mguu, halafu unafika kwenye kona yenye mchanga au unyevu na gurudumu linakaza ghafla. Kipara kimezaliwa hapo, na siku nyingine anazaliwa mgonjwa.

Shuka injini ikiwa inanguruma, gia ya tatu, na gia ya pili kwenye kona kali, mkono umeachia mafuta kabisa. Injini yenyewe itakushika. Mafuta ukiwa umeyaachia, kabureta inapitisha kidogo tu, kile cha kuifanya isizime; hiyo ndiyo petroli unayoilinda kwa tairi zima na roho mbili. Breki tumia zote mbili, ya mbele ukiibana taratibu pikipiki ikiwa imenyooka, kabla ya kona. Pia mwambie fundi wako aisimamishe kwenye stendi kubwa, azungushe gurudumu la nyuma kwa mkono huku akigusa pedali kidogo. Kama linakamata sehemu moja na kuachia nyingine, ngoma ya breki imekwenda yai, haiko duara tena, na hapo hata dereva mstaarabu ataendelea kuzalisha vipara.

Tukija kwenye kuisha katikati, hukuniandikia unajaza upepo kiasi gani, na ndicho nilichotaka kukijua kuliko vyote. Nakisia. Unapita kwa mwenye kompresa, unamwambia "ligonge", analigonga mpaka linalia kama ngoma, anapiga teke, mnaagana. Tairi la namna hiyo linavimba mgongo. Linakanyaga kwa ukanda mwembamba wa katikati, vidole viwili au vitatu, na huo ukanda ndio unabeba kabichi zote. Pembeni hakugusi kitu, ndiyo maana kashata zake bado mpya. Na ndiyo maana linateleza mvua ikinyesha: unaendesha tairi jembamba kuliko ulilonunua.

Kitabu cha Boxer kinataka upepo wa psi (kipimo cha geji) 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Ukipakia mzigo wa kweli unaweza kuongeza kidogo juu ya hapo, lakini kikomo kimeandikwa kwenye ubavu wa tairi, na mara nyingi ni kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. Kila kPa 100 ni psi 14 na nusu, kwa hiyo ukikuta 280 ujue ni kama psi 41, na hiyo ni ya tairi likibeba mwisho wa uwezo wake, siyo ya kila siku. Nunua geji yako mwenyewe ya mfukoni. Pima asubuhi kabla hujatembea, maana tairi likipata moto upepo unapanda na geji itakudanganya. Teke halipimi kitu.

(Kuna imani kwamba mlima "unakula upepo", kwamba ukijaza Mombo ukifika juu umepungua. Kupanda mita 1,000 kunaongeza usomaji wa geji kama psi moja na nusu, kwa sababu hewa ya nje imepungua nguvu, na baridi ya Lushoto inaushusha karibu kiasi hicho hicho. Ukifika umepungua sana, una pancha.)

Sasa mzigo, maana hapa ndipo ninapokuonea huruma. Soma tena ubavu wa tairi. Baada ya 3.00-17 kuna namba na herufi, kwa mfano 45P au 50P. Herufi P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa, hiyo achana nayo. Namba ndiyo mali: 45 ni kilo 165, 50 ni kilo 190. Sasa tupakie. Pikipiki yako ina kilo kama 115, na karibu nusu yake, tuseme 60, imekaa nyuma. Wewe kilo 65, ukubali 40 zimeangukia nyuma. Abiria wa kilo 70, zote nyuma. Tumefika 170 na hatujaweka kitu kwenye keria. Mwenye 45P ameshapitiliza kabla ya karoti ya kwanza. Mwenye 50P amebakiwa na kilo 20. Ukimtoa abiria, 50P inakuachia kilo 90 za kabichi, basi. Abiria pamoja na gunia, au mshikaki wa abiria wawili, hakuna tairi la 3.00 linalokusudiwa kubeba hivyo, na kuligonga upepo wa 45 hakubadilishi namba iliyochapwa ubavuni. Kwa hiyo dukani usiulize "lipi linadumu". Ulizia 3.00-17 yenye 50P, mara nyingi huandikwa pia 6PR, yaani lililoongezewa nguvu. Kwa macho litafanana kabisa na la 45P.

Huyo wa 3.50 namwelewa, anaona tairi nene na moyo wake unatulia. Lakini rimu yako ilitengenezwa kwa 3.00. Ukivalisha tairi pana kwenye rimu nyembamba, kingo zinabanwa, mgongo unachongoka, na unarudi kule kule kukanyaga katikati. Pili, urefu: 3.50-17 inazidi 3.00-17 kwa kama milimita 26 kwenda juu, karibu asilimia 4. Ni sawa na kubadilisha sproketi ili pikipiki iwe na mbio na ipungue nguvu, wewe ambaye kila siku unapanda kutoka Mombo na mtu mgongoni. Tatu, chungulia nafasi iliyopo kati ya tairi na fimbo ya breki, kati ya tairi na kava la cheni. Nimeshafungua 3.50 iliyoliwa ubavu mzima na cheni, na mwenyewe alikuwa analalamikia kelele tu.

Wa kashata kubwa ana hoja, ila hoja yake ni ya mtu anayekaa matopeni siku nzima. Mfinyanzi mwekundu wa huko kwenu ukilowa unajaza mifereji ya tairi la lami hadi linakuwa andazi, na hapo kashata zilizoachana zinasaidia kweli, kwa sababu zinatema tope. Lakini ziweke kwenye lami yenye mvua: mpira unaogusa chini ni vile vitofali tu, vinacheza cheza kwenye kona, na moto wa lami unavila upesi. Hesabu kilomita zako. Mombo kwenda na kurudi mara mbili ni zaidi ya kilomita 120 za lami yenye kona juu ya makorongo. Udongo unaukanyaga kiasi gani kwa siku? Nina hakika haufiki nusu yake. Kwa hiyo nyuma funga la mseto: kashata za wastani, zimekaribiana katikati ili zigandane na lami, zimeachana pembeni ili zing'ate udongo ukizama. Likikosekana, la kawaida la lami lenye mifereji ya kina. La matope kamili hapana. Siku barabara ya Mtae imeoza kabisa, punguza mzigo, shuka, sukuma. Hata lenye kashata ningekwambia hivyo hivyo.

Mbele weka 2.75-17 yenye mistari mirefu inayozunguka, na lisiwe kipara hata siku moja. Tairi la mbele halikupi nafasi ya pili.

Muuza duka na tubeless yake. Spoku zimepita kwenye matundu ya rimu, kila tundu ni mlango wa upepo, kwa hiyo huwezi kufunga bila tyubu. Ukivalisha tairi la tubeless kwenye rimu ya spoku utaweka tyubu ndani, na ukipata pancha tyubu itatobolewa vile vile. Umelipia jina. Wenye rimu za spoti, zisizo na spoku, zilizotengenezwa kwa tubeless, hao ni habari nyingine, wananufaika kweli: msumari ukiingia upepo unatoka polepole, kiraka cha uzi kinapigwa barabarani. Wewe nunua tyubu mpya ya saizi hiyo hiyo kila unapobadilisha tairi. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ndani ya tairi jipya inajikunja, na ule mkunjo ndio pancha yako ya wiki ijayo.

Ukiwa dukani tafuta duara dogo lenye tarakimu nne. 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tairi lililoning'inia juani mlangoni kwa miaka mitano ni jipya kwa risiti tu. Likunje kidogo ubavuni uangalie nyufa nyembamba kama nywele. Kisha tafuta mshale. Kwa tairi la nyuma mshale uelekee mbele, njia gurudumu linakozungukia. Siku ya kufunga simama pale pale uangalie mambo mawili: ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku umerudishwa na haujachanika, na alama za kurekebishia cheni zinalingana kulia na kushoto, maana gurudumu lililokaa kombo hula tairi upande na sproketi kwa pamoja. Valvu itoke wima. Baada ya siku chache ukiikuta imeinama, tairi linatambaa juu ya rimu, upepo ni mdogo. Lifungue upya kabla valvu haijang'oka na upepo wote kuisha mara moja mteremkoni.

Kilomita 150 za mwanzo nenda taratibu kwenye kona, mpira mpya una utelezi wa kiwandani hadi ukwanguke. Tairi likifika kwenye vile vituta vidogo vilivyomo ndani ya mifereji, ubavuni pameandikwa TWI, limekwisha. Kwa matairi mengi ya pikipiki huko ni milimita 0.8 tu. Mimi wakati wa masika silingoji lifike huko, likibaki milimita 2 nyuma nalitoa. Na la nyuma ulilolitoa usilihamishie mbele.

Ukiishafunga, niandikie upepo uliojaza na kama bado unazima injini.