Kabla hujaongeza ghorofa, ipime nyumba yenyewe

Dada yangu, umeuliza kama ile ramani ya zamani ya nyumba ya bibi hapo Mkomani, Lamu, yatosha kuchorea chumba cha juu. Haitoshi, tafadhali usianze nayo. Nyumba zetu za mawe ni nadra kona iwe sawasawa, so ingia na tepu na mtu wa kukushikia ncha ya pili, pima kuta zote nne halafu kona kwa kona mara mbili, zikitofautiana ujue chumba kimepinda. Unene wa ukuta pimia mlangoni, usikisie.

Boriti, zile nguzo za mkoko zinazobeba dari, ndo zisikupite kabisa. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu mti wa mkoko haufiki mbali, kwa hivyo zihesabu, andika zimelalia ukuta upi, kisha chukua bisibisi udunge pale zinapoingia ukutani, maji yakivuja toka juu hapo ndo huoza ndani na nje waona mti mzima. Mimi nlidunga moja kwetu bisibisi ikazama mpaka mpini, na fundi alikuwa ashaagiza simiti!

Piga picha kila ufa na kila penye chumvi ukutani. Alafu mwite injinia, achimbe shimo dogo pembeni auone msingi wenyewe kama utabeba.

Na mji wa kale wa Lamu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, pita ofisi ya Makumbusho kabla hujamlipa mchoraji.