Pilates kwa anayeanza: kiuno cha fundi cherehani na maswali mengine

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nakaa kitini tangu asubuhi mpaka magharibi, nikiinuka kiuno kimekaza. Nimesikia Pilates inasaidia, lakini sina mashine wala fedha za jimu. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Anzia sakafuni kwako. Mazoezi haya yaliasisiwa na Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883 na kufariki 1967, na sehemu kubwa hufanyika chini bila kifaa chochote. Zile mashine za springi unazoziona pichani si lazima kwa anayeanza.

Mkeka wa ukindu peke yake juu ya saruji utakuumiza mgongo, tena unateleza. Tandika juu yake blanketi lililokunjwa mara mbili. Usifanyie kwenye godoro: nyonga zinazama na kiuno kinapoteza mkao wake. Wakati mzuri ni baada ya swala ya alfajiri, joto letu halijapanda na hujala kitu.

Wiki ya kwanza jifunze pumzi, na tafadhali usiiruke. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini, miguu iachane kwa upana wa nyonga. Weka viganja kwenye mbavu za chini. Vuta pumzi kwa pua mpaka mbavu zitanuke pembeni, mabega yakiwa yametulia. Toa kwa mdomo polepole kama anayepoza uji, huku kitovu kikizama kidogo kuelekea mgongoni na ukibana ile misuli ya kuzuia mkojo. Fanya mara 10.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabana tumbo kwa nguvu zote mpaka pumzi inakatika. Misuli inayoshikilia kiuno iko ndani kabisa, na inaamka kwa nguvu ndogo tu, kama theluthi ya uwezo wako. Ukikaza kupita hapo, misuli ya juu inaipokonya kazi.

Pumzi ikishazoeleka, ongeza zoezi liitwalo daraja. Lala vilevile. Ukitoa pumzi, inua kifupa cha mkia kwanza, kisha kiuno, kisha mgongo wa kati, pingili moja moja, mpaka magoti, nyonga na mabega vinyooke mstari mmoja. Vuta pumzi ukiwa juu. Toa ukishuka, pingili za juu zitangulie kugusa chini, mkia uje mwisho. Mara 6 hadi 8 zinatosha. Nyuma ya mapaja pakikaza, visigino viko mbali mno. Visogeze karibu na makalio. Kiuno kikibanwa, umepanda kupita kiasi.

La tatu huitwa Mia, kwa sababu mikono iliyonyooshwa ubavuni hupigapiga hewani mara 100: mapigo 5 ukivuta pumzi, 5 ukitoa, kwa pumzi 10. Wewe anza na pumzi 3, yaani mapigo 30, kichwa kikiwa chini na nyayo chini. Anayeinua kichwa mapema huishia kuumwa shingo, maana tumbo halijapata nguvu ya kubeba kifua, na mzigo wote unaiangukia shingo.

Dakika 15, mara 3 kwa wiki. Tafiti za maumivu ya kiuno ya muda mrefu zinaonyesha Pilates hupunguza maumivu kuliko kukaa bila kufanya kitu, ingawa haijathibitika kuyazidi mazoezi mengine. Unene haiupunguzi sana. Kwa hilo, tembea kwa miguu mpaka Raskazone na kurudi. Na kila baada ya dakika 45 inuka kwenye cherehani, hata kama mteja amekusimamia.

Maumivu yakiteremka mguuni kupita goti, ukipata ganzi, au mkojo ukawa haushikiki, acha mazoezi uende hospitali ya Bombo. Ganzi ya sehemu za siri na mkojo usioshikika ni dharura ya siku hiyohiyo.

SWALI: Nimejifungua kwa upasuaji, leo wiki ya 5. Naruhusiwa? (Chumbageni)

JIBU: Hongera, mama. Kwa sasa pumzi tu, tena ya upole. Mengine subiri mpaka daktari akague kidonda. Akikuruhusu, jipime: lala chali, inua kichwa kidogo, weka vidole katikati ya tumbo juu ya kitovu. Vikizama viwili au zaidi, misuli bado imeachana. Daraja utafanya, lakini zoezi lolote la kuinua kichwa na kifua liache kwanza. Na ukiona tumbo linatutumka katikati wakati wa zoezi, punguza hapohapo.

SWALI: Mume wangu anasema haya ni mazoezi ya wanawake. Nimwambie nini?

JIBU: Mwambie shemeji yetu kwamba mwasisi mwenyewe alikuwa bondia, na katika Vita Kuu ya Kwanza alipozuiliwa kambini Uingereza aliwafundisha wanaume wenzake mazoezi. Kisha mkalishe chini, miguu imenyooka mbele. Akishindwa kukaa wima bila mgongo kupinda, misuli ya nyuma ya mapaja imekaza. Mwekee mto chini ya makalio na magoti yalegee kidogo, ndipo aanze na zile pumzi 10.