Bati la Nikeli la Seli za Sola: Tazama Dakika za Kwanza

Wanafunzi wa uzamili wanaofika katika karakana tunamopaka nikeli hapa Nakuru, wakitafuta bati jembamba lenye uso wa vinundu ili wakalijengee seli za sola za utando (zenye tabaka jembamba sana la silikoni), karibu wote huanza kwa kuuliza vinundu viwe na kimo gani. Swali hilo lina haki yake, lakini mimi huwarudisha kwanza kwenye dakika za mwanzo za kazi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo bati hufaa au huharibika.

Haja ya vinundu inaeleweka ukilinganisha unene. Kipande cha silikoni ya fuwele katika paneli za kawaida huwa na takriban mikromita 130 hadi 180 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali utando wa silikoni isiyo na fuwele mara nyingi ni kama mikromita 0.3 tu. Mwanga wa buluu humezwa humo bila taabu, lakini mwekundu hupenya, hugonga metali ya nyuma, yaani bati letu, na kurudi ulikotoka. Vinundu huutawanya ukasafiri kwa mshazari na kukaa ndani kwa mwendo mrefu zaidi. Mwaka 1982 Eli Yablonovitch alionyesha kwamba, katika hali kamilifu, mwendo huo unaweza kurefushwa karibu mara 50 kwa silikoni. Karakana haifiki huko, na si lazima ifike.

Faida nyingine hutajwa mara chache. Wazee wa Kakamega na Bungoma watazikumbuka paneli ndogo za wati 12 hivi zilizouzwa sana nchini miaka ya 1990, nyingi zikiwa za silikoni hiyo isiyo na fuwele. Nguvu yake hupungua katika miezi ya kwanza ya kukaa juani, jambo ambalo Staebler na Wronski walilieleza tangu 1977. Utando ukiwa mwembamba zaidi huathirika kidogo, na vinundu ndivyo vinavyokuruhusu kupunguza unene bila kupoteza mwanga mwingi.

Bati hilo tunalitengeneza kwa njia ya kuunda metali kwa umeme, nayo ni ya kale. Moritz Jacobi aliivumbua nchini Urusi mwaka 1838, na baadaye ndiyo iliyotoa kalibu za nikeli za kuchapia santuri. Kalibu yenye umbo unalotaka huunganishwa na upande hasi wa umeme na kuning'inizwa katika myeyusho wa chumvi za nikeli, kisha metali hujengeka juu yake hadi iwe nene ya kutosha kubanduliwa. Sasa angalia jambo ambalo macho hulikosa: upande unaouona ukinenepa ndani ya beseni si upande utakaobeba seli. Uso wa seli ni ule uliolalia kalibu, uliofanyika mwanzoni kabisa, na hutauona mpaka ubandue.

Kwa hiyo safisha kalibu kuliko unavyodhani inatosha. Chembe ya vumbi iliyobaki juu yake huacha shimo lenye kingo kali, na kiputo cha hidrojeni kilichonasa katika kibonde hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana ninasisitiza myeyusho ukorogwe na kuchujwa muda wote. Mkwaruzo kwenye kalibu ni balaa kubwa zaidi, maana hugeuka ukingo uliosimama katika kila nakala. Ukipitisha ukucha hutausikia. Chini ya hadubini utauona umevuka vinundu vyote kwa mstari mmoja, na juu ya mstari huo utando wa silikoni hutoboka, seli ikapiga shoti.

Maji ya visima vya Nakuru, yale yanayotia meno rangi ya kahawia kwa floraidi, yasiguse beseni. Tumia maji yaliyotoneshwa, kama yale ya betri. Kuhusu myeyusho, ninapendelea chumvi iitwayo salfameti ya nikeli pamoja na asidi ya boriki, kwenye nyuzi 50 hivi na pH (kipimo cha uasidi) karibu na 4. Ule wa salfati uliozoeleka katika kupaka bampa ni nafuu, lakini bati lake hubaki na mvuto wa ndani, na likibanduliwa hujikunja kama ganda la muwa lililoachwa juani. Usikubali kuutibu mvuto huo kwa sakarini, ambayo ina salfa ndani yake, kwa kuwa nikeli iliyoshika salfa hukatika ovyo ikipashwa joto la kupita nyuzi 200, na silikoni huwekwa kwenye joto la karibu na hapo.

Anza na mkondo mdogo, kisha uongeze. Ampea 1 kwa desimita mraba hujenga takriban mikromita 12 kwa saa, hivyo bati la mikromita 100 kwa ampea 4 huchukua saa mbili hivi. Stima ikikatika katikati, uso wa nikeli huingia oksidi na tabaka linalofuata halishikani na la awali, kwa hiyo betri iwe imeunganishwa tangu mwanzo. (Yetu huchajiwa na paneli ya kawaida ya juu ya mabati, na hilo huwachekesha wageni.)

Sasa turudi kwenye kimo. Mimi hushauri vibonde vya mviringo, vyenye upana kati ya nusu mikromita na mikromita moja na kimo kisichozidi mikromita 0.3, kuliko vile vyenye umbo la V, hata kama vya V vinatawanya mwanga vizuri zaidi. Silikoni inayoota kutoka pande mbili za bonde kali hukutana kwa ufa. Nikeli yenyewe humeza zaidi ya robo ya mwanga mwekundu, hivyo lazima ipakwe fedha, kisha oksidi ya zinki, kabla ya silikoni.

Kabla ya kukata, iulize maabara itakayoweka silikoni ukubwa wa kishikio chake cha kushikia bati. Mkondo hujazana kingoni na kuzifanya nene kuliko katikati, kwa hiyo tengeneza bati kubwa kuliko kipimo hicho, uondoe sentimita moja kila upande, na ulishike kwa kingo hizo hizo kabla hujazikata.