Mikono mfukoni

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kwamba mzazi afanye nini mtoto wake anapocheza mahali palipotengenezwa makusudi ili ajifunze, limenikuta siku chache baada ya kuwapeleka wanangu wawili, pamoja na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, katika Makumbusho ya Watoto ya Boston. Jibu langu ni fupi: azuie mikono yake, na zaidi ya mikono auzuie ulimi. Kulitekeleza ndiko kulikonishinda.

Makumbusho niliyoyajua utotoni yalikuwa ya kutazama tu. Darasa zima tulipanga mstari, Dar es Salaam, kuliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na mwalimu hakuchoka kutuonya tusiguse kioo. Simlaumu, kwani fuvu la umri ule si la kuchezewa. Haya ya Boston yalianzishwa na walimu wa sayansi mwaka 1913, nayo yalikuwa na makabati yake ya vioo, hadi Michael Spock, aliyeshika ukurugenzi mwaka 1962, alipoanza kuvitia vitu mikononi mwa watoto. Katika mojawapo ya maonyesho yake ya mwanzo watoto walikuta vitu vya kila siku vimepasuliwa ili waone ndani mna nini.

Mtihani wangu ulikuwa kwenye njia za mipira ya gofu. Mwanangu wa miaka sita aliuachia mpira kwenye mteremko, ukashuka kwa kasi, ukapanda kilima cha kwanza, ukafika katikati ya kilima cha pili na kurudi nyuma. Aliurudia mara nne, kila mara akiusukuma kwa hasira zaidi. Mimi nilikwisha kuona kwamba kilima kile kilikuwa juu kuliko mahali alipouachia, na kwamba mpira usiosukumwa haupandi kupita kimo ulikoanzia, tena msuguano huupunguzia kidogo. Nilikuwa nimefungua kinywa nimweleze yote hayo, mama akanivuta shati: "Mwache, mwanangu." Mara ya saba au ya nane mtoto akapanda ngazi ndogo iliyokuwapo, akauachia mpira kutoka juu kabisa. Sikuambiwa hata nitazame.

Hata hivyo, mama huyohuyo alinivurugia jibu langu. Mle ndani mna nyumba halisi ya mfanyabiashara wa hariri, zawadi ya Kyoto, mji wa Japani wenye udugu na Boston, na kuingia ni lazima uvue viatu. Mama alikwisha vua vyake kabla hajaambiwa. Akaketi kwenye mikeka kama aliyefika kwa shoga yake, akazungumza bila kukoma, na hakuna mtoto aliyemkimbia, labda kwa sababu alizungumzia kile tu alichoulizwa. Binti yangu wa miaka minne akamwuliza mbona nyumba haina vitanda.

"Asubuhi unakunja unapolalia, unaweka pembeni, chumba kinakuwa sebule," akamjibu, akifikiria mkeka wa kwao.

Alilenga palepale, maana katika nyumba za namna hiyo Wajapani hulalia magodoro mepesi, na kukipambazuka huyakunja na kuyatia kabatini. Mimi wakati huo nilikuwa bado mlangoni, nafungua kamba za viatu.