Video ya somo la mazoezi haina sauti nzuri

Uliyeuliza kwa nini video za walimu wanafunzi (wanaosomea ualimu) zina picha safi lakini sauti ni mwangwi mtupu: tatizo ni umbali, wala si simu. Simu iliyo nyuma ya darasa hunasa feni na viti kuliko mwalimu. Mwekee simu ya pili mfukoni mwa shati, irekodi sauti tu. Zikishawashwa zote, mwalimu apige makofi mara moja mbele ya kamera, yaani ile simu ya kwanza. Mlio huo utakusaidia kuoanisha sauti na picha. Kamera ikae upande wa madirisha, ubora wa picha 720p (wa wastani), hali ya ndege iwashwe, la sivyo simu ikiita rekodi inaweza kukatika. Dakika 10 zatosha. Saa nzima nani ataitazama?