Kulipia michezo ya ndani kwa mtoto mdogo: inafaa?
Ndugu uliyeuliza kama inafaa kulipia saa moja kwenye ukumbi wa michezo ya ndani, ule wenye bwawa la mipira ya plastiki na pa kuteleza, kwa mtoto wa miaka 3 hapa Dar es Salaam, kwangu mimi jibu linategemea zaidi msimu na mahali unapoishi kuliko bei iliyobandikwa mlangoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa umri huo achezeshe mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hadi ahemeke. Mwenye ua au anayekaa karibu na Coco Beach huzipata bure, lakini anayeishi ghorofani wakati wa masika, maji yakiwa yametuama hadi getini, hana pa kumpeleka.

Kabla ya kulipa, ingia uangalie. Mimi huzamisha mkono katikati ya ile mipira ya plastiki, na ikinata au ikinuka mkojo tunarudi nyumbani (mtoto hulia, lakini hunyamaza). Uliza pia kama soksi zinauzwa kando, kama mzazi naye hulipa, na kama muda huanza kuhesabiwa unapokata tiketi, maana foleni ya Jumapili hula robo saa nzima. Ukiweza, nenda asubuhi siku ya kazi, wakubwa wakiwa shuleni, ili wako asikanyagwe pale pa kuteleza. Kila wiki sishauri; mara moja moja miezi ya mvua, sioni hasara.